Kitunguu pori kilichoupa mji wa Chicago jina lake

Mwishoni mwa Machi 1688, Mfaransa Henri Joutel na wenzake walikwama kando ya Ziwa Michigan, mahali palipoitwa Chicagou. Hali ya hewa iliwazuia kuendelea na safari ya kwenda Kanada, na akiba iliyobaki ilikuwa unga wa mahindi. Joutel anasimulia kwamba waliichanja miti ya mepo, ile ambayo jani lake limo leo kwenye bendera ya Kanada, wakakinga maji matamu yaliyochuruzika, wakayachemsha na kuyala pamoja na unga wao. Anasimulia pia kwamba msituni humo walichuma mmea unaokaribiana na kitunguu saumu. Mmea huo alikuwa ameshausikia. Alipopita hapo mara ya kwanza, Septemba 1687, aliambiwa kwamba mahali hapo pameitwa hivyo kwa sababu ya wingi wa kitunguu saumu kinachoota msituni.

Msituni. Neno hilo moja lilisomwa na kurukwa na watu wengi kwa muda mrefu sana. Walishika habari ya kitunguu, wakatazama vitunguu pori vinavyoota Illinois, jimbo lenye mji huo, wakachagua kinachoonekana kwa urahisi zaidi, na hicho kikaingia kwenye vitabu kama kitunguu cha Chicago. Kumbe sicho. Na kilichofumbua macho ya watu baadaye hakikuwa darubini wala maabara. Ni kuuliza tu mmea huu unakaa wapi, na unaonekana lini. Maswali hayo mawili yanafungua karibu kila kitu kinachohusu kitunguu hiki, pamoja na sababu ya kwamba leo mahali pengine ukikutwa na vingi mno unapigwa faini.

Vitunguu vitatu vinavyochanganywa

Jenasi ya Allium ina spishi zaidi ya 900. Kitunguu maji, kitunguu saumu na liki wote ni wa ukoo huo, na porini mwa Amerika Kaskazini kuna jamaa zao makumi kwa makumi. Pembezoni mwa Ziwa Michigan, vitatu ndivyo vinavyowachanganya watu.

Cha kwanza ni Allium cernuum. Bua lake la maua hupinda shingo karibu na ncha, hivyo kishada cha maua yenye rangi ya waridi kikatazama chini kama mtu aliyeinamisha kichwa. Majani yake ni membamba kama nyasi, nacho hupenda mahali pa wazi: mbuga za nyasi, miteremko yenye mawe, pembezoni mwa vichaka. Huchanua kiangazi, mchana kweupe, na mtu hawezi kupita asikione. Hiki ndicho kilichopewa sifa ya kuupa mji jina. Cha pili ni Allium canadense, nacho cha majani membamba, kinachoota kwenye nyasi zenye unyevu na mara nyingi huzaa vitunguu vidogo juu kabisa, kati ya maua.

Cha tatu ni Allium tricoccum, nacho hakifanani na ndugu zake hata kidogo. Kinatoa majani mawili au matatu tu, mapana, laini, ya kijani kibichi, marefu kama kiganja na vidole vyake au kupita, yenye vikonyo ambavyo mara nyingi vina wekundu wa zambarau kuelekea ardhini. Asiyekijua angeapa kwamba ni jani la yungiyungi. Watu wa milima ya Appalachia hukiita ramp, jina lililotokana na neno la zamani la Waingereza la kitunguu pori cha Ulaya. Wanaosema Kifaransa huko Quebec hukiita ail des bois, yaani kitunguu saumu cha msituni. Humu nitakiita rampu.

Sasa mrudie Joutel. Anasema jani la kitunguu chake ni pana na fupi kuliko la kitunguu saumu cha Ufaransa, na ukali wake ni mdogo kidogo. Jani pana, ndani ya msitu. Allium cernuum haina jani pana, wala makao yake si kivuli cha msitu. Mtafiti John F. Swenson aliyaweka maelezo hayo pamoja katika makala aliyoichapisha mwaka 1991 kwenye jarida la historia la Illinois, akaonyesha kwamba mmea unaolingana nayo ni mmoja tu, Allium tricoccum. Naipenda hoja yake kwa sababu haina ujanja wowote. Alimwamini shahidi aliyekuwepo, akasoma kila neno alilosema.

Lugha nayo inakubali. Chicagou ni masikio ya Kifaransa yaliyolisikia neno šikaakwa la lugha ya Miami-Illinois, lugha ya wenyeji wa asili wa eneo hilo. Neno hilo lina maana mbili: rampu, na mnyama mmoja wa kufanana na kicheche, mweusi mwenye mistari myeupe mgongoni, anayemrushia adui maji yenye uvundo usiosahaulika. Mwaka 1923 Huron H. Smith, alipochapisha orodha ya mimea ya Wamenominee, wenyeji wa asili wa Wisconsin, aliandika kwamba nao huunganisha jina la kitunguu hiki na mnyama huyohuyo.

Wengine huona aibu mji mkubwa kuitwa kwa jina la mnyama anayenuka. Mimi naona wenyeji walikuwa na pua sahihi. Maji ya mnyama huyo yananuka kwa sababu ya kampaundi zenye salfa, na ukali wa kitunguu chochote ni salfa vilevile. Ndani ya jani zima la rampu, malighafi yenye salfa imefungiwa sehemu moja ya seli na kimeng'enya kimefungiwa sehemu nyingine. Vikiwa mbalimbali, jani halinuki sana. Ulikunje, ulitafune au ulikanyage, kuta za seli zinapasuka, viwili hivyo vinakutana, na papo hapo harufu inaruka. Ni silaha inayoundwa dakika ile ya kushambuliwa. Mmea na mnyama wamefikia ulinzi wa aina moja kwa njia mbili tofauti kabisa, na lugha ya Miami-Illinois ikawapa jina moja.

Harufu hiyo ndiyo pia kinga ya mchumaji. Katika misitu hiyohiyo, majira hayohayo, huchipua mimea miwili yenye sumu inayoweza kudhaniwa kuwa rampu: Veratrum viride, yenye majani mapana yaliyojikunja mistari kama sketi ya marinda, na Convallaria majalis, ua dogo la Ulaya lililotoroka bustanini. Wote wawili hawanuki kitunguu. Lakini tahadhari moja inasahaulika: ukishachuma rampu kumi, vidole vyako vyenyewe vinanuka, na kila jani utakalolisugua baada ya hapo litakuambia ni rampu. Wenye uzoefu huangalia pia kikonyo, jinsi jani linavyoshika chini, na tunguu lenyewe, yaani kile kichwa cha kitunguu kilicho ardhini, siyo pua peke yake.

Kazi ya mwaka kwa wiki chache

Rampu huota mashariki mwa Amerika Kaskazini, kutoka Quebec na Nova Scotia hadi Minnesota upande wa magharibi, na kuteremka na milima ya Appalachia hadi kaskazini mwa Georgia. Ndani ya eneo hilo kubwa haioti popote tu. Inataka msitu wa miti inayopukutisha majani, hasa mepo wa sukari na jirani zake, penye udongo mweusi uliojaa mboji, wenye kalisi ya kutosha, unaoshika unyevu lakini hautuami maji. Kusini, ambako jua ni kali zaidi, mara nyingi utaikuta kwenye miteremko inayotazama kaskazini na kwenye mabonde ya vijito. Uwanda mkavu haiuwezi. Bustani ya jua la kutwa haiiwezi vilevile.

Kuna kitu hapa kinachoonekana kama kinyume. Mmea wa kivuli, lakini maisha yake yote yanategemea jua. Kufahamu jambo hili ndiko kuifahamu rampu.

Msitu wa mepo una sura mbili kwa mwaka. Kiangazi, matawi yamefunga juu kama dari, na mwanga unaofika chini ni sehemu ndogo sana ya ule ulio juu ya miti. Majira ya baridi hakuna dari, lakini hakuna joto pia, ardhi imeganda. Kati ya sura hizo mbili kuna upenyo mfupi: theluji imeyeyuka, udongo umeanza kupata joto, na miti haijavaa majani. Jua linapiga sakafu ya msitu moja kwa moja. Upenyo huo ni wa wiki chache tu, kuanzia mwishoni mwa Machi au Aprili hadi Mei, kutegemea uko kaskazini au kusini. Rampu imejipanga kuishi mwaka mzima kwa mwanga wa wiki hizo.

Ukipiga magoti msituni siku za mwanzo za Aprili, utaona ncha kali, iliyosokotwa kama sigara nyembamba, ikitoboa matandazo ya majani makavu. Wakati mwingine inatoboa jani lililooza katikati na kupanda nalo limening'inia kama kola shingoni. Siku chache baadaye ncha inajikunjua na jani linatandazwa. Mlima mzima ambao jana ulikuwa wa kahawia unakuwa na mabaka ya kijani, mabaka na mabaka, kwa sababu rampu huishi kwa makundi. Majirani zake nao wako mbioni: trilia, yungiyungi la manjano la msituni, na maua mengine madogo yanayokimbizana na dari lilelile.

Majani hayo hutengeneza chakula kwa kasi na kukishusha kwenye tunguu jeupe lililo chini. Kisha dari linafunga. Mwishoni mwa Mei au Juni majani ya rampu yanageuka manjano, yanalegea, yanalala chini na kuoza. Mpita njia atasema mmea umekufa. Ndipo, Juni au Julai, kutoka kwenye ardhi isiyo na jani lolote, linapanda bua tupu lenye kishada cha maua meupe nchani. Rampu inachanua bila jani hata moja, kivulini, kwa kutumia akiba iliyowekwa miezi miwili nyuma. Nyuki wadogo huyafikia maua hayo msituni wakati ambapo maua mengi ya sakafu yalishamaliza.

Tunda lake lina vyumba vitatu, na mara nyingi kila chumba kina mbegu moja. William Aiton, aliyekuwa mtunza bustani wa kifalme huko Kew, Uingereza, aliuita mmea huu tricoccum mwaka 1789, na maana yake ni punje tatu. Vuli ikifika, ngozi ya tunda inapasuka na mbegu zinabaki zimekaa nchani mwa bua kavu: nyeusi, duara, zinazong'aa kama shanga za kioo. Mabua hayo mara nyingi husimama hadi theluji inapoanguka. Aliyejifunza kuyatambua anaweza kuonyesha shamba la rampu mwezi ambao hakuna kitu kingine cha kuonyesha.

Kazi ya majani yanayooza mapema imewashughulisha wanaikolojia kwa miaka mingi. Mwaka 1976 Robert Muller na Herbert Bormann walitoa wazo, kutokana na utafiti wao juu ya yungiyungi la manjano katika misitu ya New Hampshire, kwamba mimea ya majira mafupi ni kama bwawa. Theluji inapoyeyuka, maji mengi hupita udongoni na kubeba virutubisho, huku miti ikiwa bado imelala. Mimea midogo iliyoamka mapema huvinyonya, huvishika, kisha huoza kiangazi na kuvirudisha udongoni wakati miti ina njaa. Ni wazo zuri, na uzuri wake umelifanya lirudiwe sana. Majaribio ya baadaye, yakiwemo yaliyotumia rampu yenyewe, yamelitilia shaka: vijidudu vya udongo navyo hushika nitrojeni, pengine kuliko mimea. Nadhani ni haki kusema kwamba rampu ni mshiriki mmoja katika mzunguko huo, asibebeshwe bwawa lote peke yake.

Mbegu isiyo na haraka

Mbegu ya rampu ina usingizi wa aina mbili, na kila mmoja una ufunguo wake. Kwanza inahitaji kipindi cha joto na unyevu ili mzizi utoke. Kisha mzizi huo unahitaji baridi ya kutosha kabla chipukizi halijatoka. Mbegu ikianguka Septemba na vuli ikawa na joto la kutosha, mzizi unaweza kutoka kabla ya baridi na jani likaonekana majira ya kuchipua yanayofuata. Vuli ikiwa fupi, mbegu inalala baridi nzima, inasubiri joto la kiangazi kijacho, inatoa mzizi, inalala baridi ya pili, ndipo inachipua. Mwaka na nusu umepita, na kilichopatikana ni jani moja jembamba kama uzi.

Kutoka hapo hadi kuchanua ni miaka mitano hadi saba, au zaidi mahali pagumu. Mtoto aliyezaliwa siku mbegu ilipodondoka atakuwa ameshaanza shule kabla mmea ule haujazaa mbegu yake ya kwanza. Wala mbegu haiendi mbali. Haina mabawa, haina nyama tamu ya kumvutia ndege. Inadondoka chini ya mama yake na kubaki hapohapo. Ndiyo maana rampu iliyofutwa kwenye bonde moja hairudi kirahisi kutoka bonde la pili, hata kama msitu umesimama vilevile na udongo ni uleule.

Njia nyingine ya kuongezeka ni tunguu kugawanyika, likawa mawili au matatu. Makundi mengi unayoyaona msituni yamekua kwa njia hii, polepole, tunguu juu ya tunguu. Zulia la rampu linalofunika mteremko linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko mtu yeyote anayelitazama. Na hapo ndipo jicho linapodanganya. Mtu anasimama mbele ya maelfu ya majani na kusema, hivi haviishi. Wingi huo ni akiba ya miaka mingi. Mapato ya mwaka mmoja ni kidogo mno.

Wingi unavyoisha

Jamii za Appalachia zimekula rampu vizazi na vizazi, na wenyeji wa asili kabla yao: Wacherokee, Wairokwoi, Wamenominee na wengine. Baada ya miezi ya baridi ya mahindi makavu na nyama ya chumvi, hii ndiyo mboga mbichi ya kwanza kutoka ardhini. Mji mdogo wa Richwood, West Virginia, hufanya karamu ya rampu kila Aprili, watu wakala viazi, nyama ya nguruwe na rampu zilizokaangwa hadi mji mzima unanuka. Kwa karne nyingi uchumaji ulikuwa wa familia, wa kikapu, wa msimu.

Mambo yalibadilika rampu ilipoingia kwenye migahawa ya miji mikubwa. Wapishi waliipenda kwa sababu ileile iliyowapendeza watu wa milimani: ni ya kwanza, na haikai. Lakini soko la mji halina mwisho wa haja, na sokoni rampu inauzwa nzima, na tunguu lake. Kung'oa tunguu ni kuua mmea. Kukata jani moja na kuacha lingine pamoja na tunguu ni kuudhoofisha tu, na mwaka unaofuata unaweza kuinuka tena. Tofauti ya mikono hii miwili ni kubwa kuliko tofauti ya kiasi kinachochumwa.

Quebec ilishtuka mapema. Kufikia 1995 iliiweka rampu kwenye orodha ya spishi zilizo hatarini na kupiga marufuku biashara yake. Mtu binafsi anaruhusiwa matunguu 50 kwa mwaka kwa matumizi yake mwenyewe, na katika mbuga za hifadhi haruhusiwi hata moja. Upande wa pili wa Mto Ottawa, Ontario, hakuna marufuku ya namna hiyo. Mmea uleule, msitu wa aina ileile, na mto katikati unaoamua kama kikapu chako ni chakula au ni kosa. Wanaovuna kimagendo wanalijua hilo vizuri.

Kusini, Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains iliruhusu uchumaji wa rampu kwa miaka mingi. Utafiti uliofanywa humo na kuchapishwa mwaka 2004 ulichuma viwango mbalimbali kwa makusudi na kufuatilia mmea unavyorudi. Hitimisho lake linashangaza kila anayelisikia mara ya kwanza: kiwango salama ni kama asilimia 10 ya mimea, mara moja kila miaka 10. Si kila mwaka. Hifadhi ikafunga uchumaji.

Uamuzi huo uliwaumiza Wacherokee wa North Carolina, ambao wazee wao walichuma kwenye milima hiyo kabla hifadhi haijaundwa mwaka 1934. Nao wana hoja ya kusikilizwa. Njia yao ya kale ni kukata tunguu juu ya kitako chake na kuacha mizizi ardhini, ili mmea uweze kuchipua tena. Hapa siwezi kuuona upande mmoja kuwa wenye makosa. Hesabu ya asilimia 10 ni ya kweli, na ujuzi wa kuacha mizizi ni wa kweli pia. Kosa liko kwa mnunuzi wa mbali anayetaka magunia. Mwaka 2016 idara ya hifadhi za taifa ya Marekani ilitoa kanuni inayoziwezesha jamii za wenyeji kufanya mapatano ya kuchuma mimea yao ya asili ndani ya hifadhi, na angalau mlango wa mazungumzo ukafunguka.

Wapo wanaojaribu njia nyingine, ya kuipanda. Inawezekana, mradi mtu aache mawazo ya shamba la kawaida. Unahitaji msitu, siyo kiunga. Unasogeza matandazo ya majani, unatandaza mbegu mbichi vuli, unayarudisha matandazo, kisha unasubiri. Wakulima wa namna hii husema mwaka wa kwanza wengi hukata tamaa kwa kuona hakuna kitu, ilhali mbegu ziko chini zikisubiri ufunguo wao wa pili.

Hatari zisizobeba kikapu

Hata mahali asipofika mchumaji, makao ya rampu yanabadilika. Kaskazini, ambako barafu kuu ya zamani ilifunika ardhi, misitu iliyoota baada ya barafu kuondoka haikuwa na nyungunyungu wa asili. Majani yaliyodondoka yalirundikana na kuoza taratibu kwa kazi ya kuvu, yakawa lile tandiko nene ambalo ncha ya rampu hutoboa Aprili. Walowezi wa Ulaya walileta nyungunyungu, kwenye udongo wa mimea na baadaye kwenye makopo ya chambo cha wavuvi. Mdudu anayesifiwa bustanini, msituni humo anakula tandiko lote na kuacha udongo mtupu. Mbegu inayohitaji kufunikwa na unyevu inabaki wazi.

Kuna na haradali moja ya Ulaya, Alliaria petiolata, inayonuka kitunguu saumu ingawa si kitunguu. Inaenea kwenye sakafu za misitu hiyo, na mizizi yake hutoa kemikali zinazowadhuru kuvu wanaoshirikiana na mizizi ya mimea ya asili.

Na dari lenyewe limeanza kufunga mapema. Katika miaka ya 1850 Henry David Thoreau alikuwa akiandika, huko Concord, Massachusetts, tarehe ambazo miti ilitoa majani na maua yalifunguka. Watafiti walipolinganisha tarehe zake na za siku hizi, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2019, waliona kwamba kwa sababu ya joto miti inawahi kwa takriban wiki mbili, na maua ya sakafu ya msitu kwa takriban wiki moja. Kwa mmea unaoishi mwaka mzima kwa wiki chache za jua, wiki moja iliyopotea ni sehemu kubwa ya mshahara.

Rampu bado zipo Chicago. Hazipo katikati ya maghorofa, lakini kwenye misitu ya hifadhi ya kaunti inayouzunguka mji zinachipua kila Aprili, na kuzichuma hairuhusiwi. Joutel alipofika hapo mara ya kwanza, Septemba 1687, hakuna jani ambalo angeliona. Yalishaoza tangu Juni. Ilibidi aambiwe. Kama aliinama kutazama penye mepo, alichoweza kukuta ni bua kavu lenye urefu wa shubiri moja au mbili, na juu yake punje tatu nyeusi.